Mama na Vuta N'kuvute

Jana usiku nimeiangalia tena filamu ya Vuta N'kuvute, safari hii nikiwa na mama. Yeye ni mtu wa maigizo ya kundi la Kaole, enzi zile za ITV, mtaa mzima umebanana mbele ya televisheni moja na mhusika mbaya anatukanwa hadi na watoto. Mimi nimekulia vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Filamu ya Kichina inachezwa, mtafsiri anamwaga Kiswahili juu yake, na wengi wetu tulimfuata yeye kuliko hiyo filamu. Baadaye zikaja filamu za mwigizaji Kanumba, sehemu ya kwanza na ya pili, unaachwa njia panda mpaka uipate CD nyingine.

Hii Vuta N'kuvute ya mwongozaji Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, haina haraka na mtu. Zanzibar ya miaka ya 1950, wahusika Yasmin na Denge, taarabu, na kimya. Nilidhani mama atasinzia. Mara akasema, "Hebu ongeza sauti," na wakati huo hakuna aliyekuwa anazungumza! Alitaka kuisikiliza vizuri ile taarabu.

Inaniuma kila nikisikia kwamba watazamaji wetu wanataka ugomvi na uchawi tu. Mama hakumaliza darasa la saba, na alimwelewa Yasmin kabla yangu, akawa ananieleza mimi.

Asubuhi ameniuliza kama ile riwaya ya Adam Shafi bado inauzwa. Anataka nimsomee jioni.