Madirisha ya ghorofani yanayoanzia sakafuni

Mnaohamia nyumba yenye madirisha ya namna hii, tafadhali msitegemee wavu wa mbu kumzuia mtoto asianguke. Mtoto akiuegemea, unachomoka.

Dirisha likiwa la kufunguka, weka kizuizi cha kimo cha sentimita 110 kutoka sakafu iliyokamilika. Wengi hupima kwenye zege tupu, kisha lipu na vigae vinakula sentimita 5 au zaidi. Vyuma visimame wima, nafasi kati yake isifike sentimita 10, na pengo la chini vilevile. Vya kulala mtoto huvigeuza ngazi.

Ukipenda kizuizi cha kioo badala ya vyuma, chagua cha tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati: kikipasuka, vipande hubaki vimeshikana. Kioo kimoja kilichoimarishwa kwa joto humwagika chote, na hapo uwazi umebaki.

Kazi nyingi huharibikia kwenye ufungaji. Skrubu fupi kwenye fremu ya alumini hung'oka. Bolti ziingie kwenye zege au tofali imara, zipite plasta, na zikae mbali na ukingo wa ukuta.

Kishikizo cha kuzuia dirisha lisifunguke zaidi ya sentimita 10 kinafaa pia, mradi mtu mzima aweze kukifungua haraka moto ukitokea.