Alibeba

Siku ya nne hii tangu tutoke Kanchanaburi, Thailand, na sauti ya Baba bado inanirudia. Mawe yameuzwa, Mama katolewa nyuzi, harusi ya Musa imesogezwa tena. Yote heri. Mimi nimeganda kwenye neno moja.

Nilimpigia nikiwa katikati ya daraja la reli ambayo Wajapani waliwajengesha mateka kwenda Bama, Myanmar ya leo, kwenye Vita vya Pili vya Dunia; jua la utosi.

"Baba, niko kwenye daraja la vita ile ya Babu!"

"Babu yako hakupigana darajani."

"Si alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, huko Bama?"

"Bama alikwenda. Alibeba."

"Alibeba nini?"

"Haya, msalimie shemeji yako. Salio lisije likaisha."

Salio! Na nilimpigia kwa WhatsApp.

Wakati huo mkono wangu ulikuwa unapapasa chuma, najiambia mateka waligusa hapa hapa. Shemeji akanionyesha: hivyo vipande viwili vya katikati, vyenye kona, viliwekwa baada ya vita, maana vya mwanzo viliangushwa na mabomu. Vya zamani ni vile vya mgongo wa upinde, Wajapani walivitoa Java. Basi nimepapasa chuma siyo. Na mto wenyewe enzi hizo uliitwa Mae Klong. Jina la Khwae Yai ulipewa miaka ya 1960, filamu ya daraja hili ilipokwisha kuwaleta wageni wakiulizia "Kwai". Muuza madafu alicheka mpaka akaweka panga chini: tunavyolitamka sisi, kwao ni nyati. Daraja la Mto Nyati! Shemeji kalishika hilo, analirudia kila tukila.

Kucheka kuliniishia makaburini. Makaburi 6,982, nyasi zimekatwa kama zulia, kila mtu na kibao chake: Waingereza, Waholanzi, Waaustralia. Reli ya kilomita 415, ilianza 1942 ikaisha Oktoba 1943, mateka zaidi ya 12,000 wakafa. Lakini waliokufa wengi zaidi ni vibarua, Watamili wa Malaya, Wajava, Wabama, walioahidiwa ujira na waliokamatwa tu. Nilipita mstari kwa mstari nikitafuta jina moja la Kitamili. Mguu ukaota lengelenge, jina sikuliona.

Alibeba.

Babu alikuwa na kibonde begani, upande wa kulia, ngozi imekuwa ngumu kama kisigino. Tulikuwa tunakibonyeza kwa zamu, tukiambizana ni risasi ya Mjapani. Yeye anatuacha tu, anakunywa uji wake. Hakuwahi kusema ndiyo, wala hapana.

Nimempigia Baba mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza alikuwa msikitini. Mara ya pili tumeongea bei ya mahindi.

Na Zai sasa hivi ananiandikia kwamba ng'ombe tangu jana hagusi pumba, analala tu, na daktari wa mifugo simu yake haipatikani. Ana mimba ya miezi saba yule.