Una afya njema? Kopo la vitamini liache dukani

Hapa Tanga, kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, haipiti siku sijaambiwa: "Dada, nipe vitamini nzuri, zile za ng'ambo." Anayesema hivyo mara nyingi ni mzima kabisa. Kaona video kwenye simu, au shoga yake kamsifia.

Mimi ni mfamasia na duka linaishi kwa mauzo, lakini kabla sijanyoosha mkono kwenye rafu huuliza: jana ulikula nini? Juzi mama mmoja akanitajia ugali, dagaa, matembele na chungwa. Mama, nikamwambia, pesa hiyo kanunulie samaki. Dagaa unayemtafuna na mifupa yake anakupa madini ya chokaa na vitamini B12. Chungwa moja la Muheza linakaribia kumaliza mahitaji yako ya vitamini C ya siku nzima, pera huyapita. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 hivi, nasi tunauza vidonge vya 1,000! Mwili hauna pa kuiweka ziada hiyo, hivyo figo huitoa. Na ule mkojo wa njano kali unaowafurahisha watu wakidhani dawa inafanya kazi ni vitamini B2 inayomwagwa chooni.

Bora hizo zinatoka. Vitamini A, kwa mfano, hulundikana kwenye ini, na ikizidi kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Finland waliwapa wavuta sigara vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, wakitumaini kuwakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitoka 1994, baada ya kufuatilia wanaume zaidi ya 29,000: waliomeza walipata saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Karoti za sokoni hazina neno, kula tu.

Wapo wanaohitaji vidonge kweli: asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji B12, na watoto wadogo wasikose matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Na kama unachoka kila siku, pima damu na sukari kwanza. Nimeona watu wakimeza vitamini miezi na miezi huku upungufu wa damu ukiwamaliza.

Kinachoniuma zaidi ni vidonge vya damu vya kliniki. Mjamzito anapewa, anafika nyumbani anavitupa kabatini kwa sababu vinamtia kichefuchefu na choo kinakuwa cheusi. Choo cheusi ni madini ya chuma tu, kisikutishe. Ndani ya vidonge hivyo kuna asidi ya foliki, kinga dhidi ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati wengi hata hawajajua wameshika mimba. Kwa hiyo dada unayepanga kuzaa, anza mapema, mikrogramu 400 kila siku, kabla ya mimba. Hakuna kidonge ninachokiuza kwa moyo mweupe kama hicho.

Vya kliniki vikikuchafua tumbo, meza usiku baada ya kula, kwa maji. Usimeze na chai, maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ukiendelea kutapika rudi kwa nesi akubadilishie, usikae kimya.