Desemba huku kwetu: mbolea, nauli, pilau na sare za shule kwa mpigo

Jamani Desemba imefika, na kama uko Mbeya unaijua hata bila kuangalia kalenda, Mwanjelwa hapapitiki, Sido watu wamebanana kwenye mitumba wanatafutia watoto nguo za Krismasi, mvua inapiga karibu kila mchana na simu haipoi. Nimeona niandike kuhusu hii stresi ya sikukuu kwa sababu watu wanaonizunguka wanaumia kweli na hawasemi, ukiwauliza vipi wanakujibu tu "tunapambana", halafu usiku hawalali.

Ushauri mwingi ninaoukuta kuhusu msongo wa sikukuu unaongelea zawadi na kula kupita kiasi. Huku kwetu hayo ni madogo sana. Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba hivi unaenda mpaka Aprili au Mei, kwa hiyo Desemba ndio mwezi wenyewe wa shamba, mahindi ama ndio yanapandwa ama yameshaota yanadai palizi na mbolea ya kukuzia, na mahindi hayasubiri mtu amalize kusherehekea, ukichelewa utaliona pengo siku ya kuvuna. Ghala nalo linaelekea chini, mavuno ya msimu uliopita yanaishia ishia. Juu ya hapo weka nauli, juu ya nauli weka michango ya harusi na kipaimara, maana Desemba ndio kila mtu anaoa na kila mtoto anapata kipaimara, halafu ukigeuka tu Januari shule zimefunguliwa. Elimu bila ada ipo tangu 2016, nashukuru kwa hilo, lakini sare, viatu, madaftari, begi, na kwa anayekwenda bweni godoro na ndoo, vyote hivyo bado ni vyako mzazi. Yaani pesa moja ina wenyewe wanne na wote wanaidai mwezi huohuo.

Ila mimi ninavyoona kinachotutesa zaidi sio hata uchache wa hela. Ni kunyamaza. Huku tumelelewa na heshima, mama akipiga simu akauliza "mwanangu mtakuja lini" unamjibu "tutakuja mama, Mungu akipenda" unakata, kiasi ulichonacho hukitaji, unaona kukitaja ni kama kumvunjia heshima au kuonekana umeshindwa maisha. Sasa yeye kule anaanza kupanga. Mjomba naye anajua mbolea utaleta wewe. Mdogo wako wa Dar anajua wewe uko karibu kwa hiyo vitu vya jikoni ni vyako, mchele, mafuta, vitunguu, sukari, soda za watoto. Kila mtu amepanga bajeti yake kwenye mfuko wako na wewe hujaambiwa, na wewe nawe umepanga yako kwenye mifuko yao. Mnakutana tarehe 24 jioni kila mtu amekunja uso na hakuna anayejua mwenzake amekasirikia nini.

Na mwili haudanganyiki jamani. Ukihisi tishio mwili unamwaga homoni, adrenalini na kotisoli, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, sukari inapanda kwenye damu ili upate nguvu za kukimbia au kupigana. Hiyo ni nzuri kwa hatari ya muda mfupi. Lakini deni la mchango huwezi kulikimbia wala kupigana nalo, linakaa kichwani wiki nzima, wiki mbili, na mwili unabaki umekaza muda wote huo, ndio unaona shingo inauma, kichwa, tumbo linachoma, unamkaripia mtoto kisa kamwaga chai, saa nane za usiku macho kodo unapiga hesabu ambazo hazitoki. Watu wanasema ni uchovu tu wa mwisho wa mwaka. Sio uchovu tu.

Kwetu ni upande wa Isongole, Rungwe, mama bado yuko kule, sisi watoto tumetawanyika, wengine hapa Mbeya mjini, mmoja Makambako, mmoja Dar. Mwaka huu mwezi wa kumi na moja dada yetu mkubwa alitupigia mmoja mmoja, hakutumia grupu kwa sababu kwenye grupu mtu anaandika "amen" na "tuko pamoja" basi, akamuuliza kila mtu swali moja, wewe una shilingi ngapi ya sikukuu, usiniambie utajitahidi, nitajie. Kila mtu akataja. Halafu akaniambia mimi nimpigie mama kwa sababu mimi ndio huwa naongea naye sana.

Nikamwambia, "Mama shikamoo, mama mwaka huu tumekaa tumehesabu, hela ya mbuzi ipo, ila tukichinja mbuzi hatutaweza kingine chochote."

Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Marahaba. Basi mwanangu mbuzi wa nini, chinjeni kuku, hiyo hela ya mbuzi ninunulieni urea, mahindi yangu yameanza kuwa ya njano."

Nilitamani kulia. Kumbe mama alikuwa halali anawaza mbolea, na sisi tulikuwa hatulali tunawaza mbuzi wa kumfurahisha yeye! Aliogopa kutuomba kwa sababu ni sikukuu na alijua tuna nauli za kulipa. Hebu fikiria familia ngapi kuanzia Mbozi mpaka Njombe ziko hivyo muda huu, kila upande unaficha mzigo wake kwa upendo.

Kwa hiyo kama wazazi wako ni wakulima waulize swali la mbolea kabla ya swali la nguo. Na usiulize tarehe 22. Tangu ruzuku ya mbolea ianze msimu wa 2022/2023 mkulima anasajiliwa, anakuwa na namba yake, ndio ananunua kwa wakala, kwa hiyo ukituma hela dakika za mwisho mzee anaweza kufika akakuta foleni au mzigo umeisha akarudi mikono mitupu na tope mpaka magotini. Tuma mapema, na tafadhali tuma na ya kutolea.

Safari nayo ni mzigo wake. Dar mpaka Mbeya ni kama kilomita 830, ukipanda Mbezi pale stendi ya Magufuli una Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, Chimala ndio uione Uyole, na lori moja tu likizimika kwenye kona za Kitonga mnalala njiani wote. Nauli elekezi za LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, zipo ila siku mbili za mwisho kabla ya Krismasi wapiga debe wanakutajia bei zao, na wewe una watoto na mabegi utabishana saa ngapi. Mdogo wangu mwaka huu wanae watatangulia na bibi yao mdogo mara shule zikifungwa, maana zinafungwa mapema Desemba, wao wakubwa watakuja na basi la usiku katikati ya wiki. Mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku tangu 2023 na wengine wanaona ni nafuu, ila kama usiku unakupa hofu usipande, ukifika umechoka kwa woga utashinda umenuna sikukuu nzima.

Kuhusu magrupu ya michango nitasema kwa kifupi. Lile orodha la majina lenye ahadi na alama ya tiki kwa waliolipa linatisha, najua, jina lako likibaki bila tiki unajisikia vibaya. Toa ahadi ya kiasi ambacho unacho leo, ilipe, tiki yako ikiingia zima sauti za grupu mpaka siku ya harusi. Mwenye sherehe akikuuliza mbona kidogo mwambie ukweli, ndugu yangu nina mtoto anaingia fomu wani. Wengi wataelewa kwa sababu na wao wanaye.

Na hapa naomba niongee kwa uchungu. Usikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kwa ajili ya Krismasi. Nimeona hapa mtaani Januari watu wanakuja na kirikuu wanabeba tv, friji, sofa, majirani wanachungulia, watoto wanalia, kwa mkopo uliochukuliwa kununua vitu vilivyoliwa siku moja. Marejesho ni ya kila siku na wewe biashara yako Januari imelala, utayatoa wapi? Wali na maharage na watu mnaopendana ni sikukuu kamili. Wenye vikoba vinavyovunjwa mwezi huu ndio mna nafasi nzuri, siku hiyohiyo mnayogawana pitia dukani nunua sare na madaftari kabla hujafika nyumbani, maana ikifika nyumbani itakuta wenyewe wanaisubiri.

Jikoni sasa. Wanawake wenzangu mnajua. Wifi yangu anatoka Dar kafika usiku na mtoto mgongoni, alfajiri saa kumi na moja anategemewa awe ameshawasha moto, amenye ndizi, aoshe mchele, ndugu wa mume wamekaa wanamwangalia kama anaweza. Akirudi Dar anasema amekwenda likizo. Mwaka jana dada mkubwa aligawa kazi wazi mbele ya wote, kaka zangu na shemeji wakapewa kuteka maji, kupasua kuni, kuchinja na kuosha masufuria makubwa, wanawake tukabaki na kupika kwa zamu. Mama hakupenda mwanzoni, alisema wakwe watasema nini, lakini jioni alipoona mabinti zake na wakwe zake wamekaa nje wanakula kwa utulivu, pilau ya mchele wa Kyela bado ya moto, alinyamaza akacheka. Hilo peke yake lilipunguza stresi kuliko kitu kingine chochote tulichofanya.

Kwa wazee wenye presha na kisukari, hakikisheni dawa zinatosha mpaka baada ya mwaka mpya na zimo kwenye begi la mkononi, sio kwenye buti la basi. Chumvi na mafuta ya sikukuu wao wanayalipa kwa bei kubwa. Na wanaokunywa ili wapate usingizi, iwe bia au kimpumu, pombe inakulaza haraka ila inaukatakata usingizi, unaamka umechoka zaidi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Ukiona kifua kimebana, toka nje kaa, vuta pumzi taratibu kwa pua halafu itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, rudia dakika chache, mapigo yanashuka kweli. Au tembea mpaka shambani kabla watu hawajaamka.

Kuna watu hawa ninawawaza zaidi ya wote, wale waliozika mwaka huu. Mama yetu mdogo hii ndio Krismasi yake ya kwanza bila mume wake, na kila mtu alikuwa anampangia, mara aje huku, mara tukashinde kwake wote asikae peke yake. Nikamuuliza mwenyewe anataka nini. Akasema anataka ibada ya asubuhi, halafu arudi nyumbani kwake akae, wageni wengi hawataki, ila usiku anaogopa. Basi mwanangu wa kike atalala kwake siku hizo, na chakula tutampelekea. Asingeulizwa angeletwa sebuleni akae na wageni akijilazimisha kutabasamu.

Huzuni ya siku mbili tatu ni kawaida. Lakini ikizidi wiki mbili, mtu hali, halali, hana hamu na chochote, au anaanza kusema ni bora asingekuwepo, hiyo sio ya kumwambia "jikaze" wala ya kusubiri sikukuu ziishe. Ukimsikia anasema hivyo usimwache peke yake hata kidogo, mpelekeni siku hiyohiyo. Mnaanzia kituo cha afya kilicho karibu, wao wanajua pa kuwapeleka, na hapa Mbeya Hospitali ya Rufaa ya Kanda wanahudumia afya ya akili. Nenda naye wewe mwenyewe, panda naye daladala, kaa naye kwenye benchi mpaka aitwe, na mwambieni daktari dawa nyingine anazotumia.