Tuliona haya kuuliza bei ya samaki

Euro 499 na senti 52. Risiti ninayo hapa mezani, nimeinyoosha kwa kiganja mpaka karatasi imelainika, na bado kifua kinanibana. Watu 5, meza moja, jioni moja ya Venice.

Dada yetu mmoja wa Moshi, tunayeishi naye Munich, amemaliza Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi ya Ujerumani, ya uuguzi. Miaka 3 ya zamu na mitihani, Kijerumani cha darasani asubuhi, na jioni Kijerumani cha wazee wa Bavaria ambacho hakimo kwenye kitabu chochote. Matokeo yalipotoka tukasema huyu hatumpongezi kwa pilau ya sebuleni peke yake. Kutoka Munich kuna treni inakwenda moja kwa moja hadi Venice, inakata milima kupitia Innsbruck na Brenner, karibu saa 7. Tukachanga nauli, tukapanga vyumba Mestre, upande wa nchi kavu, maana kulala kisiwani kwenyewe hakukuwa kwa mifuko yetu. Tukakubaliana pia kwamba jioni ya kwanza tunampeleka mahali pa heshima na yeye hatoi hata senti. Kwetu mtu humpongezi halafu ukamwachia bili.

Mkahawa wenyewe ulikuwa mzuri, sitausingizia. Vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, kila mtu glasi tatu, mshumaa katikati, maji ya mfereji yanapita chini ya dirisha. Bibi pongezi alivaa gauni la kitenge alilotumiwa na mama yake kutoka Moshi. Weusi tulikuwa sisi tu mle ndani na hakuna aliyetutazama vibaya. Nalisema hili mapema kwa sababu bili ikishauma, mtu hutafuta ubaguzi hata pale usipokuwepo.

Kwenye menyu, mbele ya jina la samaki, palikuwa na 9. Tukatazamana. Euro 9 kwa samaki wa baharini, Venice hii? Pembeni ya ile 9 kulikuwa na neno dogo la Kitaliano, etto. Nililiona. Nililiona kwa macho yangu haya na sikuuliza maana yake.

Mhudumu akaja na sinia la barafu, samaki amelazwa juu yake. Branzino, jicho limetuna, magamba yanang'aa kama sarafu mpya. Akamgeuza ubavu huu, akamgeuza ubavu ule, akasema maneno mawili matatu, akasubiri. Sote watano tukaitikia kwa vichwa. Akaondoka naye jikoni.

Hapo ndipo panaponiuma kuliko zile fedha. Mimi ni mtoto wa Tanga. Mama yangu amenunua samaki soko la Deep Sea tangu sijazaliwa, asubuhi mnadani, jioni anakaanga na kuuza. Nimekua nikimshikia ndoo. Sijawahi kumwona, hata siku moja, akikubali samaki kabla ya kumfungua mashavu atazame wekundu, ambonyeze tumbo kwa kidole gumba, aulize bei, aikatae, aondoke hatua tatu, aitwe arudi. Anafanya hivyo katikati ya wanaume wanaopiga kelele na haoni haya. Mimi mwanawe, mbele ya kitambaa cheupe, nikakosa ulimi wa kusema: huyu ana kilo ngapi?

Etto ni gramu 100. Samaki alikuwa na kilo 2 na gramu 600. Hiyo ni euro 234 kwa samaki mmoja, na viazi vya kumsindikiza vinatozwa mbali.

Mengine yakafuata nyuma yake. Wana kitu kinaitwa coperto, malipo ya kuketi na mkate, euro 4 kwa kichwa uwe umeugusa mkate au hukuugusa. Maji ya chupa nne, 24. Mvinyo 58, ambao mimi na kaka wa Mombasa hatukuuonja, lakini huo siulalamikii, ulikuwa wa pongezi. Halafu chini kabisa, huduma asilimia 12, euro 53 na senti 52, juu ya coperto ileile.

Niliomba kumwona mwenye mkahawa. Alikuja, mtu mzima, hakupandisha sauti. Akaifungua menyu, akaweka ukucha juu ya neno etto, kisha akashuka nao hadi mstari wa mwisho kabisa ulioandikwa kwa herufi ndogo kuhusu huduma. Hakusema kitu. Kila senti ilikuwa imeandikwa. Ninachomlaumu nacho, na nitaendelea kumlaumu, ni kwamba mhudumu wake alijua uzito wa yule samaki aliposimama mbele yetu, akaona watu watano wasiojua wanachoitikia, akanyamaza.

Tukagawana wanne, euro 124 na senti 88 kila mmoja. Ni zaidi ya laki tatu na nusu za kwetu, kwa mlo mmoja. Ndugu yetu wa Bujumbura anafanya kazi ghalani kwa kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Kwake ile ni karibu saa 10 za kubeba maboksi, na hapo kodi haijakatwa. Alitoa kadi yake bila kusema neno. Bibi pongezi alipoiona risiti akaanza kufungua pochi, tukamzuia, akalia. Alilia kweli, na gauni lake la kitenge, akisema, "Nisamehewe jamani, tungekula tu nyumbani." Mtu aliyesotea cheti miaka 3 anaomba msamaha usiku wa pongezi zake. Siwezi kulisahau hilo.

Na ubaya ni kwamba picha ya yule samaki nilishaiweka status kabla ya bili kuja. Kabla hatujafika Mestre binamu yangu akaandika: "Naona mambo yako safi, basi ada ya mtoto usinisahau." Simlaumu, ameona alichoonyeshwa. Ila ninyi mnaokusanya nauli ya kuja huku kwa sababu ya picha zetu, nawasihi, tuulizeni na risiti. Ausbildung ni njia nzuri, unalipwa huku unasoma, naisifu kwa moyo wote. Lakini toa kodi ya chumba, bima, tiketi ya mwezi ya treni, na cha kutuma nyumbani, ndipo uhesabu kinachobaki cha kula samaki kando ya mfereji.

Mkifika Italia, neno etto mlijue kabla ya neno la salamu. Bei ikiwa imeandikwa hivyo, samaki apimwe mbele yenu na uzito uandikwe kabla hajaingia jikoni. Wahudumu wazuri wanafanya bila kinyongo. Tazameni coperto na servizio, yaani huduma, chini ya menyu. Huduma ikishatozwa, bahashishi si deni. Na msitegemee kulipa kila mtu chake kama Ujerumani, ambako mhudumu mwenyewe anauliza mnalipa pamoja au mbalimbali. Kule bili inakuja moja kwa meza nzima. Kaka wa Mombasa alikuwa akisoma kwenye simu usiku ule kwamba mwaka 2018 wanafunzi 4 wa Kijapani walitozwa zaidi ya euro 1,100 humo humo Venice kwa steki na samaki wa kukaanga, ikawa habari ya dunia. Alidhani itatufariji. Haikutufariji.

Kesho yake asubuhi tukaenda soko la samaki la Rialto. Hapo nilijisikia niko kwetu: maji sakafuni, harufu, shakwe juu ya paa, mabibi wa Kitaliano wenye vikapu wananyooshea samaki vidole na kubisha. Kila fungu lina kibao chake na bei ya kilo. Branzino ileile, euro 28. Nikasimama mbele ya kibao kile muda mrefu. Muuzaji akadhani nataka kununua, akamwinua samaki mmoja, akamfungua mashavu mwenyewe bila kuombwa, akanionyesha wekundu.

Nikampigia mama kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko feri gani hiyo?"

Nikamzungushia simu atazame, meza kwa meza, akawa ananitajia majina, huyu kama jodari, huyu kama tasi, yule simjui. Nilishamsimulia habari ya jana kwa ujumbe wa sauti. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Yule wenu, mlimpima ninyi au alipimwa jikoni?"

Nikamgeuzia simu aone kamba.