Penseli, Duron na joto la Februari

Februari 2002 nyumbani kwetu Magomeni kulikuwa na kompyuta moja, na ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Kaka yangu alikuwa mpiga video wa harusi. Alirekodi kwa kamera ya VHS, akirudi tunaunganisha deki na kompyuta, mimi naingiza picha, nakata, naweka majina ya maharusi, halafu naibana video iwe VCD, yaani CD ya video. Wakati ule watu walishachoka na mikanda kuliwa na deki. Kila bibi harusi alitaka CD.

Kubana ndiko kulikotutesa. VCD ni picha ya nukta 352 kwa 288, fremu 25 kila sekunde, na prosesa, ubongo wa kompyuta, lazima ipitie fremu moja moja, iilinganishe na wenzake, iamue kipi kibaki na kipi kiachwe. Yetu ilikuwa Duron ya kampuni ya AMD, ya megahezi 650, yaani mapigo milioni 650 kwa sekunde. Saa moja ya harusi iliichukua karibu saa nne. Harusi ya saa tatu ilikuwa CD tatu, yaani saa kumi na mbili za kompyuta kunguruma, na hapo umeme uwe haujakatika.

Jumanne ya wiki ninayoisema ulikatika. CD ya kwanza ilikuwa imefika asilimia 80. Programu tuliyotumia haikuwa na habari ya kuendelea ilipoishia; umeme ulipokatika kazi ilikufa, uanze upya. Na harusi ile haikuwa ya kusubiri. Bwana harusi alikuwa akifanya kazi Muscat, wanaondoka Jumamosi. Mama wa bibi harusi alikuja mwenyewe Jumatano asubuhi, hakukaa hata kwenye kiti. Akamwambia kaka, "Mwanangu, CD hizo ndizo atakazowaonyesha ukweni. Nazitaka Ijumaa kabla ya swala."

Nilikuwa na kurasa tatu nilizochapisha kwenye intaneti kafe moja ya Posta, nimezikunja ndani ya daftari tangu Desemba. Zilieleza namna ya kuovakloki Duron, yaani kuikimbiza kuliko mwendo wa kiwandani, kwa penseli.

Jambo lenyewe ni hili. Mwendo wa prosesa hupatikana kwa kuzidisha: mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba prosesa, inapiga mapigo ya megahezi 100, prosesa inayazidisha mara 6.5, unapata 650. Kiwandani kizidisho hicho walikifunga. Juu ya kauri ya Duron, pembeni mwa jiwe lenyewe, kile kipande cha silikoni kinachopiga hesabu, kulikuwa na vijistari vinne vimeandikwa L1, na walivikata kwa leza. Ukiviunganisha tena, mazabodi inaruhusiwa kuchagua kizidisho inachotaka. Na risasi ya penseli inapitisha umeme.

Haikuwa kuiibia prosesa nguvu isiyokuwa nayo. Duron za muundo uleule ziliuzwa hadi megahezi 950. Kiwanda kinapima, kinapiga mhuri, na soko likitaka za bei nafuu, nyingi zilizo nzima hupigwa mhuri wa chini. Niliamini yetu ni mojawapo. Bado naamini hivyo.

Jumatano usiku, kaka akiwa kwenye sendofu Temeke, niliifungua. Nilikuwa na penseli ya 2B iliyobaki kutoka darasa la michoro ya ufundi, sindano ya mama ya kushonea, na lenzi ya kusomea ya babu. Kila kijistari kilikuwa kifupi kuliko nusu ya punje ya mchele. Unasugua penseli kutoka nukta hadi nukta, taratibu, mara kumi, mara kumi na tano, mpaka ing'ae kijivu. Halafu kwa ncha ya sindano unakwangua katikati ya kijistari na kijistari, maana vikigusana umeharibu. Jasho lilikuwa likinidondoka kwenye lenzi. Nilizima feni ya dari ili vumbi la penseli lisiruke. Kimoja nilikifuta na kukirudia mara tatu.

Nilirudisha kila kitu, nikaingia kwenye bayosi, ukurasa wa mipangilio ya kompyuta kabla haijaamka, nikaweka kizidisho 9.5 na volti 1.75 badala ya 1.6, kama kurasa zangu zilivyoelekeza. Kioo kikawaka: 950. Nilikaa nikaitazama ile namba peke yangu, mlango umefungwa. Sijui niieleze vipi furaha ile. Ni kama kumkuta ndugu yako wa damu ana kipaji ambacho nyumba nzima haikukijua.

Nikaanza kubana CD ya kwanza, nikalala mkekani pembeni.

Kaka ndiye aliyeniamsha. Kioo kilikuwa kimeganda. Kipande kilichokwisha kubanwa kilikuwa cha dakika 20, tukakifungua. Tulipofika pale maharusi wanapolishana keki, mraba wa kijani ukatokea kwenye shavu la bibi harusi, ukawa miwili, ukafunika jicho. Ukaondoka. Ukarudi kwa mama yake, anayepiga vigelegele, mdomo wote kijani. Kaka hakufoka. Alikaa kitandani na viatu vyake, akasema, "Hii ni harusi ya watu."

Niliona aibu ambayo sijaisahau. Prosesa iliyoshindwa kwa joto siyo lazima izime. Inaweza kuendelea kufanya kazi huku ikikosea hesabu, na kosa la hesabu kwenye video ni uso wa mtu.

Alhamisi saa moja asubuhi nililibeba kasha la kompyuta begani hadi kwa mzee mmoja fundi redio, mwenye kibanda chake kona ya mtaa wetu. Alikuwa akitengeneza redio, amplifaya na televisheni tangu kabla sijazaliwa. Kompyuta hakuzijua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye kazi, akasema, "Weka hapo, iwashe, na usiniambie kitu kwanza."

Niliiwasha. Akaweka kiganja nyuma ya kasha. Akakihamisha mbele. Akakirudisha nyuma.

"Mwanangu, hewa inaingia huku, na huku pia inaingia. Inatokea wapi?"

Feni ya nyuma ilikuwa imefungwa kinyume. Aliyetuuzia kompyuta aliifunga hivyo, na kwa zaidi ya mwaka ilikuwa ikilisukumia ndani lile joto ambalo feni ya pawasaplai ilijaribu kulitoa. Kwa megahezi 650 kompyuta ilivumilia. Kwa 950 haikuweza.

Akaniuliza nimeongeza nini. Nikamwambia mwendo, na volti. Alipenda kusikia habari ya volti. Alisema kwenye amplifaya ni hivyohivyo, volti ukiipandisha kidogo moto unapanda sana. Nikachukua karatasi tukapiga hesabu pamoja: joto hufuata mwendo, lakini hufuata volti mara yenyewe. 950 kwa 650, zidisha kwa 1.75 kwa 1.6 mara mbili. Ikaja karibu 1.75. Yaani niliiongezea prosesa joto kwa robo tatu nzima, ndani ya kasha lisilo na mahali pa kutolea pumzi, katika chumba chenye nyuzi 32 usiku. Kurasa zangu ziliandikwa na watu wa nchi za baridi. Hawakudanganya. Vyumba vyao vilikuwa na nyuzi 20, wakawa wanaanza mbio hatua kumi na mbili mbele yangu.

Tukaigeuza feni. Kisha akataka kuona chini ya lile bati la alumini lenye mapezi, linalopoza prosesa. Kati yake na prosesa kulikuwa na kile kibandiko cha kiwandani cha kupitisha joto, kimeyeyuka upande mmoja na kukauka upande mwingine kama ubani wa kutafuna. Alikikwangua kwa ukucha, akapangusa kwa spiriti. Akatoa kopo la grisi nyeupe, ileile wanayopaka chini ya transista za nguvu. Mimi ningepaka kama siagi kwenye mkate. Yeye aliweka tone dogo kuliko mbegu ya papai, akalivuta kwa wembe mpaka ukaliona jiwe lenyewe kupitia ule weupe. "Hii ni ya kuziba vishimo tu. Chuma kinataka kumgusa mwenzake."

Kurudisha bati niliomba nifanye mwenyewe. Wanaozikumbuka Duron wanajua kilichofuata. Jiwe lilikuwa wazi, halina kifuniko, mraba wa kama sentimita moja, na kibanio chake kilikuwa kigumu, unakisukuma kwa bisibisi. Niliposukuma, bati likainama upande mmoja, nikasikia *tik*. Tukalinyanyua. Pembe moja ilikuwa imemomonyoka, kipande kidogo kuliko punje ya chumvi. Mzee alikitazama kwa lenzi yake muda mrefu. Akanirudishia bisibisi mkononi, akanishika kifundo cha mkono na mkono wake, tukasukuma pamoja, wima.

Iliwaka. Nadhani mpaka leo ndiyo mara niliyomshukuru Mungu kwa sauti kubwa kuliko zote.

Safari hii niliweka kizidisho 9 na volti 1.65. Megahezi 900. Sikubana chochote kwanza. Nilikuwa na Prime95, programu inayotafuta namba tasa kubwa, ambayo hujikagua hesabu zake yenyewe; prosesa ikikosea, inasimama na kusema kuna kosa. Niliiacha ikimbie kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, wakati wa joto kali kabisa. Duron hizo hazikuwa na kipimo cha joto ndani ya jiwe, kipimo kilikuwa kwenye mazabodi chini ya soketi, kwa hiyo nilijua kuna moto nisioonyeshwa. Jana yake kilikuwa kimesoma nyuzi 61. Sasa kilifika 52, kikatulia. Hakuna kosa hata moja.

Miaka mingi baadaye, 2011, AMD walitangaza prosesa yao ya FX imefikishwa megahezi 8,429 kwa kupozwa na heli ya kimiminika. Nilisoma habari ile kwa heshima. Lakini zile 250 zetu ndizo ninazozijua kwa mkono.

Tulianza kubana saa kumi na moja jioni. CD ya kwanza ilimalizika kwa saa mbili na dakika hamsini na kitu. Ya pili kabla ya saa tano usiku. Umeme ulikatika baada ya hapo, ukarudi saa saba na nusu, na kwa kuwa kila CD sasa iliweza kuingia katikati ya kukatika na kukatika, tulipoteza dakika chache tu za ile ya tatu. Kaka hakulala. Alikaa mbele ya kioo akikagua nyuso, dakika kwa dakika, keki, vigelegele, mama, shangazi, watoto waliopanga mstari. Adhana ya alfajiri ilipoanza, nilikuwa nachoma nakala ya mwisho, feni ya nyuma inapuliza hewa ya moto kwenye mguu wangu.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda kibandani na bahasha. Mzee hakuipokea. Alitaka nimweleze habari ya ile penseli, kwa hiyo nilimchorea vijistari vinne kwenye boksi la sigara, nikamwonyesha palipokatwa. Alicheka mpaka akavua miwani. Akafungua droo, akatoa rimoti mbili za televisheni zilizofunguliwa, raba zake zimepinduliwa juu. Kila kitufe kilichochoka, kwa chini, kilikuwa kimesuguliwa penseli, kinang'aa kijivu.

"Miaka yote hii natumia HB," akasema. "Hiyo yako ni ipi?"

Nikamwachia kile kipande cha 2B.