Nilivyopata jumla ya ada ya tuisheni kabla ya kusaini fomu

Mwanangu anasoma kidato cha nne katika shule ya serikali, na kwa kuwa ada katika shule hizo ilifutwa tangu mwaka 2016, tuisheni ndiyo gharama kubwa kuliko zote za masomo yake. Nilipoanza kutafuta kituo maeneo ya Sinza na Mwenge, Dar es Salaam, swali langu lilikuwa jepesi: nitalipa shilingi ngapi mpaka mtihani wa Novemba? Kwenye simu nilijibiwa vilevile karibu kila mahali: “Mzazi, karibu ofisini kwanza, bei inategemea mahitaji ya mtoto.”

Ofisini huulizwa wewe una bajeti gani, na ukitaja kiasi, huduma hupangwa ilingane nacho. Wengine hutaja bei ya kipindi kimoja tu. Niliambiwa 5,000 kwa kipindi, bei isiyotisha, lakini masomo matatu kwa vipindi viwili kila wiki ni 30,000, yaani 120,000 kwa wiki nne, kabla ya fomu ya kujiunga, kudurufu pepa za miaka iliyopita na mitihani ya majaribio, ambavyo hulipiwa kando.

Mbinu nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni jaribio la bure la kupima uwezo. Mtoto hukalishwa, matokeo husomwa mbele yake, na mzazi aliyekwisha kuambiwa kwamba Hisabati inamshinda mwanawe huona haya kuuliza bei, asije akaonekana anamhesabia mtoto wake. Kariakoo hata muuza kitenge hutaja bei kabla ya kukikunjua.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei, lakini mtu aliyekwepa swali hajasema uongo wowote wa kumshitakia, kwa hiyo niliamua kulibadilisha swali lenyewe. Niliviandikia vituo kwa WhatsApp nikitaka kujua jumla ya fedha zote mpaka Novemba, pamoja na pepa na majaribio. Idadi ya wanafunzi darasani. Na kiasi nitakachorudishiwa nikimtoa mtoto katikati ya mwezi. Nilieleza pia kwamba mwanangu hatafanya jaribio lolote kabla sijapata majibu. Vituo kadhaa vilinyamaza, nami nikashukuru kwa nauli niliyookoa. Meneja mmoja aliniambia ofa yake inaisha siku hiyohiyo. Nilipomwomba aiandike kwenye fomu na kuigongea muhuri, ofa ikasogezwa hadi wiki iliyofuata.

Kituo nilichokichagua kipo Makumbusho, ni kidogo, na viti vyake havivutii. Mwalimu anayekiendesha aliandika kwa mkono kila malipo, akajumlisha, akasaini. Jumla yake haikuwa ya chini kuliko zote nilizopewa, ila ilikuwa na kila kitu ndani yake, na alikubali nilipe mwezi kwa mwezi kwa risiti. Katika mwezi wetu wa pili pale, msaidizi wake alimwagiza mwanangu aje na fedha za kudurufu pepa. Nilimtumia mwalimu picha ya karatasi ile, naye akajibu jioni hiyo: “Samahani mzazi, hilo lilishalipwa.”